Mwizi wa Sauti ya Ninga

Tulimwacha Kufuli ameshika kitasa cha mlango, jasho linamtiririka mgongoni.

Kama uliikosa wiki iliyopita, shika haya upesi, maana mlango hausubiri. Kufuli ni jina alilopewa na wenzake kazini. Yeye ndiye aliyeunda kinga ya hadithi za sauti zinazouzwa na kampuni yao. Ukinunua hadithi, inasikika kwenye simu yako tu. Ukijaribu kumrushia jirani, inakuwa bubu.

Aliyekuwa akizisoma hadithi hizo ni mkewe mwenyewe. Wasikilizaji walimwita Ninga kwa ulaini wa sauti yake. Mwaka jana ugonjwa wa damu ulimchukua. Tangu hapo kuna mwizi anaziuza hadithi za Ninga zikiwa wazi, bila kinga yoyote, na kampuni inavuja kama ndoo mbovu.

Kufuli aliapa atamshika mwizi huyo kwa mikono yake. Nyayo zilimleta mpaka chumba hiki cha uani. Barabarani, mpelelezi wa polisi, askari wake na bosi wa kampuni wanamsubiri awaite.

Kilichokuwa kikimtetemesha ni kwamba chumba chenyewe kiko nyuma ya duka la ushonaji la mama mkwe wake. Alijiambia mwizi atakuwa ni mpangaji. Alijiambia hivyo njia nzima.

Akasukuma mlango.

Hakukuwa na mpangaji. Mama mkwe wake alikuwa kwenye cherehani, anapindua ukosi wa shati. Kando yake, juu ya meza ya kukatia vitambaa, kompyuta ilikuwa inawaka.

"Funga mlango, mwanangu. Vumbi linaniharibia mashine."

"Shikamoo, mama." Salamu ilimtoka yenyewe. Hakuna mtu anayeweza kumkamata mkwewe bila kumwamkia kwanza.

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Mama, nani amepanga chumba hiki?"

"Hajapanga mtu."

"Na hii kompyuta ya nani?"

"Yangu."

"Basi kuna mtu anaitumia bila wewe kujua. Ni mwizi, mama. Anauza sauti ya..."

Mama mkwe aliondoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza.

"Mwizi umeshamwamkia," alisema.

Kufuli alikaa juu ya robota la vitambaa bila kukaribishwa.

"Sauti ya mwanao wa kumzaa! Unamuuza marehemu, mama?"

"Nimuuze? Mimi nilimnunua!" Mama alivua miwani. "Kila hadithi aliyosoma niliinunua, hata zile za mapenzi zinazonitia haya. Ungeweza kunipa bure, sikukuomba. Nilisema jasho la mtoto halinywewi bure. Wiki ile tuliyomzika, simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Nikanunua nyingine. Nikafungua nimsikie mwanangu. Unajua iliniambia nini?"

Alijua. Maneno hayo aliyaandika mwenyewe.

"Kifaa hiki hakitambuliki," alinong'ona.

"Hakitambuliki! Nikapiga simu kwenu. Nikapokewa na binti mmoja mpole, sauti ya asali. Akaniambia akaunti iko kwa jina la mwanao, mama, kwa hiyo mwenye akaunti athibitishe mwenyewe. Nikamwambia mwenye akaunti yuko kaburini. Akanyamaza. Kisha akasema, pole sana mama, basi mwenye akaunti atutumie barua pepe."

Kufuli alitazama sakafu. Vipande vya nyuzi vilikuwa vimetapakaa kama nywele kwa kinyozi.

"Ungeniambia mimi."

"Wewe? Ulikuwa huli, huogi. Halafu jibu lako nililijua."

"Jibu gani?"

"Utaratibu."

Mlango wa uani ukafunguliwa kwa kishindo. Aliingia shemeji yake, binti mdogo wa mama mkwe, mdogo wake Ninga, fundi wa kutengeneza simu, vidole vyake vyeusi kwa risasi ya kuunganishia nyaya.

"Mama, askari wamejaa mbele na..." Alimwona Kufuli. Akasimama. "Ahaa. Kumbe umewaleta wewe."

"Na wewe umo, shemeji?"

"Nimo? Mimi ndiye niliyelifungua hilo kufuli lako. Chai haikuwa hata imechemka."

Maneno hayo yalimuuma Kufuli kuliko mengine yote. "Miaka miwili nimelijenga lile!"

"Kumzuia nani?" Shemeji alimsogelea. "Niambie, lilimzuia nani? Mwizi alilifungua siku ya kwanza. Linayemzuia ni aliyelipa. Mama alilipa. Yule jirani aliyeibiwa simu alilipa. Walikuja hapa wanalia kwa mama, tukawapa. Wakaleta ndugu zao."

"Kwa sababu mnauza kwa bei ya bure! Watu wanapenda vya bure!"

Mama na binti walitazamana. Binti alicheka, kicheko kikavu.

"Nani kakwambia bure? Wanalipa bei yenu ile ile."

"Bei ile ile?"

"Tena wapo wanaolipa mwaka mzima kwa mkupuo ili wasisumbuke. Mtu anatuma jina la hadithi tu, inamjia. Simu ikiharibika, anatuma tena, inamjia tena. Hatumuulizi yeye nani, hatumwambii asubiri uhakiki. Kwenu ninyi, shemeji, mpaka uisikie hadithi umeshaulizwa maswali kama mtuhumiwa."

Kwenye vikao vyote vya kampuni Kufuli ndiye aliyekuwa akisimama na kusema wateja ni wezi wasiopenda kulipa. Kumbe wateja walikuwa wakilipa mtaa wa pili, kwa fundi cherehani.

Lakini hasira ilikuwa haijamwisha. Ikatafuta pa kutokea.

"Na Babu Redio je? Sauti yake mnayo humu?"

Huyo ni msomaji mwingine wa kampuni, mzee aliyemfundisha Ninga kuvuta pumzi kabla ya sentensi ndefu.

"Tunayo," alisema shemeji, sasa kwa sauti ndogo.

"Kampuni imemwachisha kazi mwezi huu, kwa kuwa hadithi zake kwetu hazinunuliwi tena. Juzi nilimkuta sokoni anabeba mizigo ya watu, umri ule! Mlimpa nini, mama? Mnamuuza kila siku, mlimpa nini?"

Mama mkwe alichukua shati lile, akalikunja, akalikunjua.

"Hatukumpa kitu," alisema mwishowe. "Hilo nalo nitaulizwa."

Simu ya Kufuli ikalia. Bosi.

"Umempata?"

"Bado, bosi. Natafuta."

"Tafuta upesi! Wale wanaoinunua kampuni yetu wanasaini leo, na wanataka kusikia mwizi ameshikwa. Wakisaini tu, tunazima mtambo wa funguo."

Kufuli alisimama wima. Msomaji, mtambo wa funguo ndio moyo wa biashara yote ile. Kila hadithi, kabla haijasikika, huuomba ruhusa. Ukizimwa, hadithi zote ambazo watu walinunua zinakuwa bubu siku hiyo hiyo.

"Bosi, na walionunua?"

"Walinunua ruhusa ya kusikiliza, hawakununua hadithi. Si wewe uliyeniandikia masharti? Nikakusifu."

"Na sauti ya mke wangu? Zile rekodi za studio?"

"Zimo kwenye kufuli lile lile. Hawa wanataka jengo na majina ya wateja, hadithi hawana kazi nazo. Pole, ndugu yangu. Nipe jina la mwizi tukalale."

Akakata.

Chumba kilikuwa kidogo, na sauti ya bosi ilikuwa kubwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Kwa hiyo kuanzia leo," alisema mama mkwe polepole, "mwanangu atasikika humu tu."

"Humu tu, mama."

Shemeji alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta.

Mama aliinuka, akaanza kufunga vifungo vya koti lake. "Basi, twende. Nimeiba, nitasema nimeiba. Sijawahi kuiba hata sindano, lakini hili nimeliiba kwa akili zangu timamu."

"Kaa, mama. Hospitali wamekwambia nini juu ya moyo wako? Ukilala mahabusu usiku mmoja, tutakuja kukuchukua kwa machela."

"Sasa utawapa jina la nani?"

Kufuli alitoka kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya nguo zilizotundikwa zikisubiri wenyewe, mpaka barabarani.

Mpelelezi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sura ya mtu asiyekuwa na haraka na chochote. Bosi alikuwa ameegemea gari, tai imelegea.

"Enhe?" alisema bosi. "Nani?"

"Mimi."

"Wewe nini?"

"Mwizi ni mimi."

Bosi alicheka. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

"Umepagawa?"

"Kufuli nililijenga mimi. Nani mwingine angeweza kulifungua? Duka ni la watu, nilijificha humo bila wao kujua. Afande, nipeleke."

Mpelelezi alitoa pingu, akamfunga. Alipomaliza, akamsogelea sikioni.

"Nimekuwa nikingoja mtu aniambie hivyo. Wataalamu wetu wamechunguza. Kufuli lako halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa neno lako la siri."

Halikuvunjwa? Basi chai ya shemeji ilikuwa uongo! Lakini Kufuli akajikaza. "Naam. Si nimekwambia?"

"Ulilifungulia wapi?"

"Kazini."

"Hapana. Lilifunguliwa wodini, alikolazwa mke wako, siku moja kabla hajafariki. Na saa hiyo wewe ulikuwa kikaoni. Huyu bosi wako ameandika maelezo kuwa mlikaa naye meza moja."

Msomaji, neno la siri la Kufuli lilikuwa jina. Lilikuwa jina walilomchagulia mtoto wao ambaye mimba yake iliharibika. Duniani walilijua watu wawili, na mmoja wao alikuwa ameshazikwa.

Kumbukumbu ikamrudia kama kofi. Ninga kitandani, midomo imekauka, amemshika kidole kimoja tu kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kushika mkono. "Mume wangu, zifungulie zile za mama. Mimi nikiondoka, mama atabaki na nini?"

Naye akamjibu kwa kicheko, akidhani anamtia moyo. "Huondoki popote. Halafu nikimfungulia mmoja, nitawafungulia wote."

Ninga hakubishana. Aliomba maji. Kesho yake mumewe akaenda kikaoni kueleza jinsi kufuli lisivyoweza kuvunjwa, naye Ninga akaomba simu ya mdogo wake, akaliandika jina lile.

"Kwa hiyo," mpelelezi alisema, "ni wewe au ni marehemu. Nipe jina moja niandike."

Bosi aliruka. Uso wake ulikuwa umeng'aa ghafla. "Marehemu! Si ndiye? Wewe sema tu ndiye. Maiti hafungwi, ndugu yangu! Wanunuzi wanapata mwizi wao, wewe unarudi nyumbani, mimi nasaini. Nani ameumia?"

"Kesho magazeti yataandika Ninga alikuwa mwizi."

"Kwani atayasoma?"

Kama mikono ya Kufuli isingekuwa na pingu, sehemu hii ya hadithi ingekuwa na damu. Alifumba macho. Alifungua kinywa ajibu.

Kando ya mlango wa duka, simu ya fundi viatu ikalia. Mlio mfupi wa ujumbe.

Kisha ya mwanamke anayeuza vocha. Kisha ya dereva aliyelala kwenye teksi yake. Kisha simu zikawa zinalia mtaa mzima, hapa na pale, halafu kila mahali, kama mvua inavyoanza kwenye bati.

Watu walitoa simu zao. Wakatazamana.

Simu ya mwisho ililia karibu sana, ndani ya koti la mpelelezi.

Aliitoa kwa mazoea, kabla hajafikiri. Kufuli alikuwa amesimama bega kwa bega naye, akausoma ujumbe wote. "Mteja wetu, hadithi zako zote hizi hapa, ziko wazi. Hutamwomba mtu ruhusa tena."

Shemeji! Wakati wao wanabishana barabarani, alikuwa amewatumia wateja wote kila kitu kilichomo kwenye ile mashine. Ninga alikuwa ametawanyika kwenye simu za watu wote hao, na hakuna mtambo ambao ungeweza kumnyamazisha tena. Na Babu Redio pia alikuwa ametawanyika, bila senti mkononi, na hakuna ambaye angemnunua tena maisha yake yote.

Kufuli alimtazama mpelelezi. Mpelelezi aliitazama simu.

"Mama yangu haoni," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye ndiye mtuhumiwa. "Nilianza kwenu. Kila siku programu yenu ilimtaka asome tarakimu kwenye kioo athibitishe kuwa ni yeye. Atasomaje? Mimi nashinda kazini."

"Afande." Bosi alikuwa nyuma yao. Alikuwa ameona kila kitu. Alitabasamu kwa upole, tabasamu la mtu aliyeokota pochi isiyo na mwenyewe. "Na wewe umo?"

Mpelelezi alirudisha simu mfukoni.

"Usiogope," bosi aliendelea. "Wakubwa wako hawatasikia kwangu. Lakini angalia, mwizi wako yuko hapa na pingu mkononi, na bado kuna mtu mle ndani amebonyeza kitu. Kwa hiyo mwizi bado yumo. Nenda ukamlete. Mashine niachie mimi, wanunuzi wasiikute nzima."

"Ni mimi!" Kufuli alipiga kelele. "Nimeshasema ni mimi! Niandike mimi!"

Mpelelezi hakumtazama. Alisimama pale muda mrefu kuliko inavyofaa kwa afisa aliye kazini. Kisha akaanza kutembea kuelekea dukani, hatua nzito, mkono mmoja ukipapasa kiunoni pingu ya pili.

Mama mkwe alikuwa ameshatokea mlangoni. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Aliziba mlango kwa mwili wake mdogo.

"Binti yangu hajui kitu," alisema. "Mashine ni yangu. Kidole kilichobonyeza ni changu."

"Mama, usiseme!" Kufuli alijitupa mbele. Askari wawili wakamdaka mabega, wakamrudisha kwenye gari mpaka paji la uso likagonga bodi.

"Nyoosha mikono, mama," alisema mpelelezi, macho yakiwa kwenye kizingiti.

Mama mkwe akanyoosha. Mikono ilikuwa myembamba mno, pingu ikabidi ibanwe mpaka mwisho. Mpelelezi alimshika kiwiko, akamwongoza pembeni taratibu, na mlango wa duka ukabaki wazi.

Ndipo bosi alipopita. Alipita haraka, ameikunja mikono ya shati, ameokota njiani nyundo ya fundi viatu.

"Afande!" Kufuli alilia. "Afande, mzuie! Shemeji yangu yumo ndani!"

Mpelelezi aligeuka. Alikuwa amechelewa. Mlango ulifungwa, na wote barabarani wakasikia komeo likivutwa kwa ndani.